Nilimwonea Ngoie Wivu wa Pumzi

Jumamosi, mwezi wa kumi. Saa tisa mchana.

Joto leo halina huruma. Wingu limetokea upande wa Mutoshi tangu asubuhi, limesimama palepale, halishuki wala haliondoki, na sisi huku mtaa wa Kapata tunaendelea kula vumbi. Nimefuta hii meza mara mbili tangu nikae, na bado naweza kuandika juu yake kwa kidole.

Hapa kwenye ukurasa wangu huwa najitahidi kuandika Kiswahili cha kanisani, kile masista walichotufundisha, ili nisomeke na watu wa mbali. Nikikasirika kinanitoroka. Leo kitanitoroka, mnivumilie.

Mi ni muntu wa wivu.

Haya, nimeandika. Sasa siwezi kusema sikuandika.

Si ule wivu wa mume. Mume wangu, Tata Kalala, akichelewa najua yuko wapi, anacheza dama kwa jirani na anafungwa. Wivu wangu ni wa pumzi. Namwonea mwanamke mwenzangu wivu kwa sababu anavuta hewa na hewa inamtosha. Ukilisema kwa sauti unaona aibu, kwa hiyo sijalisema kwa sauti mpaka leo.

Kwa wanaosoma hapa mara ya kwanza: jina langu ni Mbuyi, nina miaka arobaini na moja, nimezaliwa katika mstari huu huu wa nyumba za kampuni. Babu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, baba akaifanya baada yake, na sasa mimi. Nafanya kazi katika chumba cha sampuli. Mawe yanafika kutoka mgodini ndani ya vifuko, kila kifuko na namba yake. Tunayakausha, tunayaponda, tunayasaga mpaka yawe unga laini kabisa, halafu unga unapelekwa maabara waseme shaba ni kiasi gani na kobalti ni kiasi gani. Unga ule unaruka. Ukifungua tu kifuniko cha mashine, uko ndani ya ukungu. Kwa hiyo tunavaa maski, zile nyeupe zilizotuna kama kikombe, tangu saa moja asubuhi mpaka saa tisa.

Kama hujaivaa siku nzima, usiniambie unaijua maski. Watu walivaa kitambaa wakati wa korona, nusu saa sokoni, na mpaka leo bado wanasimulia.

Saa ya kwanza unaisahau. Saa ya pili ndani kunakuwa joto na majimaji, midomo imeloa, unanusa tena chai uliyokunywa nyumbani. Saa ya tatu paji la uso linabana. Ukipanda zile ngazi nne za mashine na kifuko kizito begani, kifua kinafanya kazi ya watu wawili. Ukiongea, maneno yanakula hewa yako, kwa hiyo mle ndani tunaongea kwa mikono na macho. Ukiivua mwisho wa kazi, hewa inaingia baridi mpaka unataka kucheka, na alama inabaki puani hadi jioni, saa ya kula bukari.

Hayo si siri, wote tunayapata. Kilichonila moyo ni kwamba Ngoie hayapati. Au ndivyo nilivyofikiri.

Ngoie ana miaka ishirini na saba. Alikuja kutoka kaskazini ya Katanga kukaa kwa shangazi yake, mistari miwili nyuma ya nyumba yetu. Mi njo nilimwombea kazi. Mi njo nilimfundisha mashine, na kumwonyesha mambo yote ya siku ya kwanza, na kumpeleka korali ya kanisa kwa mkono wangu mwenyewe. Ananiita yaya, kama dada yake mkubwa, na anapolisema anamaanisha.

Sasa sikilizeni habari ya korali.

Kesho ni jubile ya parokia. Maestro wetu ametunga wimbo mpya. Katikati ya wimbo ngoma zinanyamaza, kinanda kinanyamaza, inabaki sauti moja ya juu peke yake, inashika noti moja mpaka Maestro ashushe mkono. Na ule mkono hauna haraka ya kushuka. Miaka kumi na moja, kila wimbo wenye noti ya namna ile ulikuwa wangu. Watu walikuwa wanageuka kwenye mabenchi kuangalia nani anaimba. Nilikuwa najifanya sioni, na nilikuwa naona wote.

Mwezi wa nane noti ilinikatikia. Mazoezi ya kwanza nikasema ni mafua. Ya pili nikasema ni vumbi la kiangazi. Ya tatu Maestro akaniambia mbele ya watu wote, kwa upole, na upole ule ulinichoma zaidi: "Mama Mbuyi, tukupumuzishe kidogo. Ngoie ajaribu."

Nikasema sawa, Maestro. Nikatabasamu. Nikarudi nyumbani nikavunja sahani mbili, nikamwambia Tata Kalala zimeteleza.

Ngoie alijaribu. Alishika ile noti, mkono wa Maestro ukashuka, na yeye akabaki na pumzi ya kucheka.

Kuanzia pale sikuwa na amani. Mtu anasimama meza moja na mimi, ndani ya vumbi moja, saa zilezile, halafu yeye anatoka na kifua kizima na mi natoka na kikohozi? Wapi! Kuna kitu. Nikaanza kumchunguza, wiki tatu nzima, na aibu sikuwa nayo.

Niliona vitu vitatu. Kwanza, Tata Simoni wa magazini, ile stoo ya vifaa. Kila asubuhi anatupatia kila mtu maski moja mpya, tunatia sahihi. Sisi wote anatutolea kwenye boksi lililo juu ya meza. Ngoie akifika, Tata Simoni anainama, anamtolea kitu cha chini ya meza. Anainama, tena anatabasamu! Pili, kila baada ya saa moja Ngoie anatoka nje, anaenda nyuma ya jengo karibu na tanki la maji, anakaa dakika kama kumi. Nikasema huyu ana mwanaume kwenye simu, na mi nabaki nasaga vifuko vyake. Tatu, kazi ikiisha anavua maski na kuitupa kwenye pipa. Maski nzima, ya siku moja. Iliniuma kama ametupa mkate.

Kwa sababu mi situpi. Mi nafua.

Mdogo wangu wa mwisho, Kabeya, anachimba mawe mtaa wa Kasulo, ndani ya shimo lililo chini ya nyumba ya watu. Alipoanza, mwaka jana, nilikuwa namwombea kila usiku. Nikajiambia yule mtoto hatashuka kule bila kitu puani. Kwa hiyo kila asubuhi nachukua maski mpya ya Tata Simoni, natia sahihi, naiweka ndani ya mfuko kwa ajili ya Kabeya, na navaa ile ya zamani niliyoifua. Naifua kwa sabuni ya mawese ninayoipika mwenyewe, nasuuza mara tatu, naianika kivulini. Moja inanifikisha wiki mbili. Kila mwisho wa mwezi Kabeya anapata furushi lake.

Na nilikuwa najisifu. Maski ikifuliwa inakuwa laini, inakuwa nyepesi, kichwa hakibani tena, kamba zinalegea haziumi masikio. Nilidhani nimepata mbinu ambayo wazungu hawakuifikiria. Kwa hiyo nikapiga hesabu zangu: maski yangu ni safi na nyepesi, na bado pumzi inapungua, basi lazima ya Ngoie ni ya namna nyingine. Ni ile ya mashefu, wakubwa wa kazi. Ya chini ya meza.

Jumatano nilifanya kitu ambacho sijamwambia hata padri.

Saa ya chai tunatundika maski zetu nje, kwenye misumari karibu na bomba. Zote zinafanana, kwa hiyo kila mtu anaandika jina lake kwa kalamu nyeusi. Ngoie anaandika lake na g yenye mkia mrefu unaozunguka. Nilichukua maski yangu moja iliyofuliwa, jina langu lilikuwa limeisha kwa sabuni. Nikakaa hapa, kwenye meza hii hii, nikaandika jina lake. Ule mkia wa g niliujaribu kwanza mara tano pembeni ya karatasi ya matangazo ya parokia. Mara tano! Muntu muzima, mama wa batoto bane.

Alhamisi, saa ya chai, Ngoie alitundika yake na kwenda kunawa. Nikaitoa, nikatundika ile niliyoandika. Juu ya jina lake halisi nikabandika plasta yenye jina langu, wengi wetu tunafanya hivyo, hakuna aliyeangalia. Niliibandika kama mtu anayefunga kifungo. Hilo njo linaniogopesha sasa.

Niliivaa ikiwa bado na joto la uso wake.

Nikangoja hewa ya mashefu. Haikuja. Maski ya Ngoie ilikuwa nzito! Ilinibana mashavu pande zote, kila nikivuta inanyonya mpaka inakaribia midomo, na haikupita hata saa moja kichwa kikaanza. Upande wa pili wa meza Ngoie alikuwa anasaga huku anacheza mabega. Tulipobadilisha vifuko aliniinamia sikioni.

"Yaya, leo maski yangu iko mwepesi. Ni kama shijavala kitu."

Maski yake ilikuwa usoni kwangu, na nilimwonea wivu upya.

Siku ile vifuko vilikuwa vingi. Na kwa kuwa alijisikia mwepesi, Ngoie hakutoka nje hata mara moja. Alisaga mfululizo mpaka saa tisa. Alipoivua nikaona: kuzunguka pua na mdomo, pale ambapo ngozi yake huwa safi, palikuwa na rangi ya majivu. Alipenga kamasi ikatoka majivu. Alishangaa sana. Safari hii hakuitupa ile maski, aliifunga ndani ya mfuko wa plastiki akasema ataiangalia vizuri nyumbani. Mi nilijifanya natafuta kiatu.

Jana, Ijumaa, mazoezi ya mwisho. Ngoie alikuja na kikohozi kikavu. Noti ikamkatikia kabla ya nusu. Akaomba arudie, ikamkatikia mapema zaidi, akashika kifua. Maestro akazungusha macho kwenye safu za sauti ya juu, na macho yakaja kusimama kwangu. Akasema Jumapili noti ni ya Mama Mbuyi.

Mungu anisamehe, nilifurahi. Ilikuwa furaha ya kweli, ya tumboni. Nilitembea mpaka nyumbani bila kusikia miguu, na nyuma yangu Ngoie alikuwa anakohoa barabara nzima.

Leo asubuhi aligonga mlango wangu. Sauti imekauka, macho mekundu. Akaniomba nimsindikize kwa muganga, daktari wa kazini. Angeweza kumwomba shangazi yake. Alikuja kwangu, kwa sababu mi ni yaya.

Muganga wetu ni mtu wa polepole, akishika kitu hakiachi mpaka kimwambie. Ngoie alimpa ule mfuko wa plastiki. Akaitoa maski, akaielekeza dirishani, akaivuta kamba, akainusa.

"Hii imefuliwa," akasema.

"Mi shifulake, Tata. Natupaka."

Muganga akaeleza, na alieleza bila haraka, na kila neno nililipokea mimi niliyekaa karibu na mlango. Alisema ndani ya maski kuna nyuzi zenye nguvu yao ya kukamata vumbi laini, na ukiipiga maji na sabuni ile nguvu inakufa, inabaki kitambaa tu. Alisema kamba zikilegea hewa haipiti tena ndani ya maski, inapita pembeni, na hewa ya pembeni inaingia na vumbi lote. Njo maana unaiona nyepesi. Maski nzima inachosha kidogo, alisema, kifua kinavuta kwa nguvu zaidi, kuna joto, kichwa kinaweza kuuma, lakini haiharibu mapafu ya mtu mzima wa afya. Kinachoharibu ni unga wa mawe. Ukichoka, dawa si kuilegeza. Dawa ni kutoka nje, mbali na vumbi, kuivua, kupumua vizuri, halafu kurudi.

Akamwuliza Ngoie kama anatoka. Ngoie akasema kila saa anaenda kule nyuma kwenye tanki, kuna upepo safi, anakaa dakika kumi kama alivyofundishwa siku ya kwanza.

Nani alimfundisha siku ya kwanza? Mi. Mi njo nilimpeleka mpaka kwenye tanki nikamwonyesha pa kukaa. Halafu mi mwenyewe niliacha kutoka, kwa sababu nilitaka shefu aone kwamba Mbuyi anasaga vifuko vingi kuliko wote.

Na chini ya meza ya Tata Simoni? Ngoie alieleza hilo pia, bila kuulizwa. Uso wake ni mdogo, maski za saizi ndogo zinafika chache, kwa hiyo yule mzee anamwekea pembeni zisiishe. Alisema anashangaa mtu mwema namna ile amempatia maski iliyotumika.

Muganga akachukua karatasi. Akaandika kwamba Jumatatu Tata Simoni aitwe ofisini, aeleze kwa nini anagawa maski zilizofuliwa. Kwa kosa kama lile mtu anafukuzwa kazi. Tata Simoni amebakiza miaka miwili ya kustaafu.

Nilikuwa pale. Kiti changu kilikuwa karibu na mlango, mdomo ninao, nafasi ninayo. Nikakohoa tu.

Muganga akanigeukia, akaniuliza kikohozi hicho ni cha tangu lini. Nikasema ni vumbi la majira, Tata.

Njiani Ngoie alinishika mkono kwa sababu alikuwa anachoka. Tulipofika kwenye kona ya kwao alisimama apate pumzi, halafu akaniambia: "Kesho uimbe muzuri, yaya. Uniimbie na mi."

Nilimwachia mkono, nikashika njia ya kwetu.

Nilipofika nyumbani nilimpigia Kabeya, nimwambie angalau yeye asifue zile maski, azivae zikiwa mpya. Akacheka kile kicheko chake cha utotoni, cha mtu aliyekosa.

"Yaya, kule chini ni joto, hewa yenyewe ni ya kupigania. Muntu akivala maski anaona kama anakufwa. Shiye tunazifungaka ku magoti, tukitambaa mawe hayaumi. Zinaenea muzuri."

Ku magoti!

Mwaka mzima nimevuta unga wa mawe ili Kasulo watambae vizuri. Nilicheka mpaka nikaanza kukohoa, na kikohozi kikaendelea baada ya kicheko kuisha.

Halafu nikatoka uani, nikajaribu ile noti peke yangu. Niliinua mkono wangu wa kushoto kama Maestro na kuanza kuushusha polepole. Pumzi iliisha mkono ukiwa bado juu ya bega. Nikajaribu tena, ikaishia palepale. Kuku walikuwa wananiangalia. Basi nimeiba kitu ambacho hata kukibeba siwezi.

Na msifikiri wivu umeondoka. Nikiwa nimekaa hapa nawaona kwa dirisha wamama wa korali wanapita, mmoja na ndimu, mmoja na chupa ya asali, mmoja na majani ya mkaratusi, wote wanaenda kwa Ngoie. Mwezi wa nane pumzi iliponikatikia, nani aliniletea ndimu? Hata moja. Hata kikohozi chake nakionea wivu, na ni kikohozi nilichompa mimi.

Nimefikiri pia kwamba tungeweza kuimba wawili. Noti moja, yeye akivuta pumzi mi nashika, mi nikivuta yeye anashika, korali zinafanya hivyo kila siku na hakuna anayesikia pa kuungana. Nimeipenda ile picha kwa dakika nzima. Halafu nikajiuliza, mwizi anaenda kwa mwenye mali kumwambia tugawane?

Maski yake halisi iko hapa mezani, na plasta yangu juu.

Watu wa korali wanasoma hapa, najua. Na Ngoie anasoma. Nikituma haya sasa atajua kupitia simu, mbele ya wale wamama na ndimu zao. Hapana, hilo pia lingekuwa kujificha. Nitavaa viatu, niende kwanza kwa miguu yangu.

*

Saa kumi na moja.

Nimerudi.

Nilingoja wale wamama watoke. Ngoie alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi mlangoni, kitenge mabegani ingawa ni joto. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, hakuniambia nikae na mi sikuomba. Nilimwambia habari ya tanki, ya chini ya meza, ya mkia wa g. Kiswahili cha kanisani kilinitoroka chote. Nikabandua plasta mbele yake, jina lake likaonekana.

Aliingia ndani akaleta ule mfuko wa plastiki. Aliweka maski zote mbili mapajani, moja kila upande, akaziangalia muda mrefu, hasa yale majina. Nilitaka alie, au anitukane. Ningejua la kufanya na matusi.

Aliuliza kitu kimoja tu, habari ya Tata Simoni. Nikasema Jumatatu nitakuwa mlangoni kwa muganga kabla hajafungua, karatasi ile itapata jina langu badala ya la Tata Simoni, na wakinifukuza wanifukuze. Akaitika kwa kichwa. Nikasema nitapita sasa hivi kwa Maestro, nimwambie atafute mwingine wa noti.

Hapo njo aliinua macho. Sauti ilikuwa karibu haipo, nikalazimika kuinama nimsikie.

"Hapana. Utaimba wewe, Mama Mbuyi. Mi nitakaa ku benchi ya mbele, ile inayoangalia korali. Nataka nisikie pumzi yako inaishia wapi."

Mama Mbuyi. Miaka yote hii ilikuwa yaya.

Nimerudi polepole, nikisimama kwenye kila kona kama yeye asubuhi. Ile maski yangu iliyofuliwa alinirudishia, nimeikata vipande viwili kwa mkasi ili isinishawishi. Jumatatu, kama bado nina kazi, nitavaa mpya na kuitupa saa tisa. Nitatoka kila saa kwenda kwenye tanki, na Ngoie akikaa pale nitakaa upande mwingine mpaka aniambie nisogee.

Misa ni saa tatu asubuhi. Kitenge cha jubile nimekipiga pasi, kiko mlangoni. Najua tayari itakavyokuwa: ngoma zitanyamaza, kinanda kitanyamaza, mkono wa Maestro utakuwa juu, na noti itakatika mahali inapokatikaka. Watu watageuka kwenye mabenchi kuangalia nani anaimba. Ngoie hatageuka, atakuwa mbele yangu.

Ikikatika, sitakohoa kusingizia mafua.